Ya Moto au ya Uvuguvugu

Jumatatu, 4 Novemba

Mimi Gelasius, kidato cha pili nusu. Nusu iliyobaki nimewaachia wao. Mwalimu wa hesabu alisema sitafika popote, na leo mke wake alikuwa kanyoosha miguu kwenye beseni langu hapa Majengo, Mpanda, kafumba macho, ananiambia, "Gela baba, usitoke hapo hapo kwenye kisigino." Sasa nani hajafika?

Leo hema la mvuke limefika. Limetoka Dar kwa basi, limekunjwa kama mwavuli. Ni la mtu mmoja. Unakaa ndani kwenye kiti, zipu inapanda mpaka shingoni, kichwa kinabaki nje kama cha kobe, halafu sufuria la umeme linakupulizia mvuke wa majani ya mkaratusi. Bosi wangu, Dada Nyanzala, kabadilisha kibao siku hiyo hiyo. Kilikuwa "Nyanzala Saluni". Sasa ni "Nyanzala Saluni na Spa". Miguu, mikono, kichwa na hema ni idara yangu. Masaji ya mwili ni yake mwenyewe nyuma ya pazia, maana yeye ni mwanamke na mimi, kwa sura hii, ni mtihani.

Joto kali. Mvua bado inaringa.

Jumatano, 6 Novemba

Wanne kwenye hema. Umeme ukakatika mmoja akiwa ndani na zipu imegoma. Tulimlisha soda kwa mrija.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimefinywa. Alikuja dada mmoja mashavu yamemjaa, nikamchangamkia: "Hongera dada, huyu wa ngapi?" Dada Nyanzala akanivuta nyuma ya pazia kwa nyama ya mkono.

"Gela, mimba changa haiulizwi."

"Nilikuwa nampongeza."

"Haipongezwi, haitajwi, haipo. Itaonekana siku itakayotaka yenyewe. Ukiisema leo kesho ikaharibika, ni mdomo wako ulioiona."

Ndivyo tulivyo huku. Mwanamke anaweza kutapika mbele yako mara tatu na wewe unamwambia pole na malaria. Haya, nimesikia. Mimi mdomo wangu ni wa kazi, lakini unaweza kufungwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo kaja dada yangu Fausta kutoka Ilembo. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kule kwetu Usevya mama akiwa kwenye mpunga, ndiye aliyenilipia ile nusu ya kidato cha pili. Mume wake Ladislas ni mrina asali. Mwezi mzima yuko porini upande wa Inyonga na mizinga yake, kwa hiyo Fausta yuko peke yake muda mwingi. Kaja na mfuko wa karanga, uso umepauka kama kitenge kilichofuliwa sana.

"Nipake rangi ya kucha tu, mdogo wangu. Inatosha."

"Rangi? Umekuja kwa fundi mkuu wa Mpanda unaomba rangi? Leo unaingia hemani. Bure. Zawadi yangu."

"Si lazima, Gela."

Saluni ilikuwa imejaa. Mama Makoye, anayeuza vitenge duka la jirani, alikuwa kakaa pale pale anapokaa kila siku bila kufanyiwa chochote. Fausta akamtazama yeye, akatazama hema, akatazama chini. Mimi nikaona naaibishwa mbele ya wateja. Nikapaza sauti: "Muoneni, anaogopa mvuke! Mtu wa shamba huyu!" Wakacheka. Fausta naye akacheka kidogo, akaingia.

Dakika kumi akasema, "Gela, nifungulie."

Nikamwambia vumbi la Ilembo halitoki haraka, bado dakika tano.

Halafu kichwa kikalala upande. Nilivuta zipu mpaka nikang'oa kishikio. Alitoka jasho linamchuruzika, akatapika kwenye beseni langu. Mama Makoye akasema, "Malaria hiyo." Fausta akafuta mdomo, akasema, "Ndiyo, malaria." Akapanda pikipiki akaondoka. Karanga zimebaki mezani.

Jumapili, 17 Novemba

Fausta hakuimba kwaya leo. Nafasi yake ilikuwa wazi katikati ya sauti ya pili.

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi Dada Nyanzala hakunisalimia. Alikuwa anafagia nywele, akasema bila kuinua kichwa:

"Mtu wa malaria anashika kichwa. Dada yako alitoka hemani kashika tumbo. Mikono miwili."

Nikasimama na kopo la asali mkononi, ile tunayochanganya na sukari kusugulia miguu. Sikumbuki niliiweka wapi. Nilichukua baiskeli ya mlinzi bila kuomba nikakanyaga mpaka Ilembo.

Nimemkuta anachambua maharage. Sasa mtu na dada yake anaanzaje? Nikachuchumaa, nikaanza kuchambua na mimi. Nikasema:

"Dada, ile malaria."

"Ipo."

"Ina muda gani?"

"Wiki ya saba."

"Na mimi nimeichemsha."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Maharage yakawa yanadondokea nje ya ungo.

Akaniambia mambo ambayo sijawahi kuambiwa na mtu yeyote. Zile mara mbili alizokuwa "anaumwa", mwaka juzi na mwaka jana, zilikuwa mimba. Zote zilitoka zikiwa mwezi wa tatu. Na zote mbili Mama Ladislas, mkwe wake wa Inyonga, alizijua mapema, akapanda basi na chupa ya mafuta ya nyonyo akaja kumkanda tumbo ili mtoto "akae sawa". Kwao ni kawaida. Yeye mwenyewe alikandwa, na mama yake alikandwa.

"Sijui kama ni mikono yake," Fausta akasema. "Nesi anasema mara nyingi hakuna anayejua sababu. Lakini safari hii sitaki mkono wa mtu kwenye tumbo langu. Na mimi nitamkataliaje mama wa mume wangu? Nitamwambia nini? Dawa ni moja, asijue. Mpaka mwezi wa nne wa mimba upite."

"Nani anajua?"

"Mimi, nesi, na sasa wewe." Akanitazama. "Mungu anisaidie."

Jumanne, 19 Novemba

Nimemsindikiza kliniki. Nesi Séverine ni mama wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, mfupi, mkali, anaongea Kiswahili chenye Kirundi kwa mbali. Kampima Fausta joto, presha, kila kitu. Kasema hakuna dalili mbaya. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwenye hema?"

"Ndiye mimi." Mara ya kwanza nimeitwa hivyo nikasikia vibaya.

"Sikiliza, fundi. Wiki hizi za mwanzo mwili wa mama usichemshwe. Hema hapana, mawe ya moto hapana, kujitumbukiza maji ya moto hapana. Kukandwa tumbo hapana. Majani na mafuta usiyoyajua, uliza kwanza."

"Sasa ruksa ni nini? Aangalie ukuta?"

"Miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Kichwa. Mabega, taratibu, kakaa au kalala ubavu. Harufu ikimchefua unaitoa. Akisikia kizunguzungu au maumivu unaacha, unamleta hapa. Na apumzike, maana huyu halali."

"Lile hema la Jumamosi limeharibu?"

"Hatujui. Dakika kumi na tano, alitoka. Tunasubiri."

Tunasubiri! Mimi kitu kimoja sijawahi kujifunza ni hicho.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua ya kwanza. Mji mzima unanuka udongo. Watu wamefurahi, mimi nimeosha beseni moja mara tano.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimempigia Fausta mara nne. Ya tano kaniambia nikipiga tena atanizibia namba.

Jumatatu, 25 Novemba

Sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo akili ilipolala.

Tatizo ni hili. Mwenye mimba changa hasemi, na mimi siruhusiwi kuuliza. Kwa hiyo wangapi nimewachemsha humo ndani bila kujua? Usiku sikulala vizuri kwa kuwahesabu mashavu. Leo asubuhi nimepata jibu. Kila anayeingia, awe bibi au binti, namuuliza swali moja tu: "Leo tukuhudumie ya moto au ya uvuguvugu?" Ya moto ni hema, maji ya moto na Nyanzala kukukandamiza mpaka mifupa ilie. Ya uvuguvugu ni miguu, kichwa na mabega kwa upole. Mtu anachagua. Hajasema kitu, sijauliza kitu.

Dada Nyanzala akasema, "Kumbe shule walikufukuza mapema mno."

Jumamosi, 30 Novemba

Swali linafanya kazi. Wiki hii watano wameomba uvuguvugu. Mmoja aliposikia maneno hayo alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Fausta kaja saa nne. Nimemwosha miguu kwa maji niliyoyapima kwa kiwiko, bila mkaratusi maana unamchefua, kipande cha ndimu tu. Kisha kichwa. Nilikuwa naona kichwa ni kazi ndogo, unasugua tu kama sufuria. Leo nimekwenda polepole, kutoka paji la uso kurudi nyuma, na katikati ya neno akalala. Kalala kwenye kiti mdomo wazi, mvua inapiga bati, na Dada Nyanzala kazima redio bila kuambiwa. Dakika arobaini.

Alipoamka akasema, "Nimeota niko nyumbani, mpunga umeiva."

Mkali, mcheshi, mgumu, hivyo ndivyo nilivyomjua dada yangu. Sikujua kama anachoka.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Wateja wawili. Kucha.

Jumamosi, 7 Desemba

Wiki ya kumi. Fausta kalala tena kwenye kiti. Nesi kampa vidonge vya damu, anameza huku kakunja uso kama mtoto.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimefanya ujinga. Naandika ili niuone.

Mvua ilikatika mchana nikaenda kijiweni kwa madereva wa bodaboda. Wakaanza: fundi wa visigino, bwana beseni, shikamoo miguu. Mimi huwa sipigwi nikanyamaza. Nikawaambia, "Nyie mnabeba watu hamjui mnabeba wangapi. Mimi najua nani atazaa mwezi wa saba kabla mume wake hajajua." Wakasema muongo. Mmoja wao, Machibya, akasema thibitisha. Nikathibitisha! Nikawaeleza swali langu lote, ya moto na ya uvuguvugu, na kifua nimekitoa hivi. Sikutaja jina la mtu. Machibya kacheka mpaka helmeti ikadondoka kwenye dimbwi.

Nimefika nyumbani ndio nikakumbuka Machibya kapanga chumba kwa Mama Makoye.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama Makoye leo kahamisha kigoda. Kakaa mlangoni kwetu kabisa, anatafuna muwa.

Wa kwanza kuingia ni bibi harusi aliyeolewa mwezi wa kumi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini sana. Naye kwa sauti ya chini sana akajibu uvuguvugu. Mama Makoye akatema makapi, akapiga kigelegele.

"Uvuguvugu! Makubwa! Hata viatu vya harusi havijachakaa!"

Binti wa watu akainuka na kucha tano zina rangi na tano hazina, akatoka analia.

Na kwa mbali namuona Fausta anakuja na mwavuli wa bluu. Nilimpungia mkono arudi. Akanipungia na yeye. Akaingia, akamwamkia Mama Makoye, akakaa, akasema kama kila Jumamosi, "Ya uvuguvugu, mdogo wangu."

Mama Makoye akaacha kutafuna. Kigelegele ningekivumilia, lakini kimya cha yule mama kina miguu. Shoga yake wa ujana ni nani? Mama Ladislas wa Inyonga.

Nikawaambia wote wawili, Fausta na Dada Nyanzala, nyuma ya pazia. Yote niliyoyamwaga kijiweni. Dada Nyanzala alishika taulo kama anataka kuninyonga nalo. Fausta hakupandisha hata sauti.

"Mdomo wako ndio unaochemsha watu, Gela," akasema. "Hema tumelisingizia."

Hakukaa kuoshwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Dawa ya moto ni moto, wanasema. Ya uvuguvugu nimeona ni uvuguvugu zaidi.

Nimemwomba Dada Nyanzala kwa magoti: kuanzia leo kila mtu apewe ya uvuguvugu. Hema tulikunje. Kama wote wanaoga maji yale yale, Mama Makoye atamsoma nani? Akasema hema ndilo lililoandikwa kwenye kibao. Nikasema basi na kibao tukikunje. Akazunguka saluni mara mbili. Halafu akalikunja mwenyewe, akalisukuma chini ya kitanda cha masaji kwa mguu.

"Sifanyi kwa ajili yako," akasema. "Mwaka ule niliofungua saluni, na mimi nilikuwa na malaria."

Sikuuliza. Nimejifunza.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemleta bibi anayeuza dagaa sokoni, ana miaka sabini na kitu. Kakaa mbele ya mlango, kapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mimi nipeni ya uvuguvugu!" Mama Makoye akasema, "Bibi, na wewe?" Bibi akajibu, "Mapacha!"

Alhamisi, 19 Desemba

Wanakwaya kumi na mmoja, wote uvuguvugu, wanajiandaa na Krismasi. Katekista Nathanael naye kaleta miguu yake, kwa heshima kubwa, soksi mkononi. Jioni Machibya kapita kuomba msamaha. Nikamwingiza kwenye beseni kwa nguvu. Wenzake wanampigia honi: "Hongera Machibya! Ukichoka kuendesha tuambie!" Mama Makoye karudisha kigoda dukani kwake.

Nilikuwa najisikia mtu tena.

Ijumaa, 20 Desemba

Fausta kapiga simu saa moja asubuhi. Kasema maneno mawili. "Naona damu."

Mvua ilikuwa inamwagika kama imekasirika. Nikamkimbilia Machibya, akasema pikipiki hapana, barabara ya Ilembo inateleza, tutamuangusha. Akatafuta bajaji, sijui kaitoa wapi. Tulimkuta Fausta kakaa mlangoni kajifunga kitenge, kaweka miguu pamoja kama mtu anayebeba maji na hataki yamwagike. Dereva alikuwa anakwepa kila shimo, na lile asilolikwepa nililisikia mimi tumboni mwangu.

Hospitali wakamwingiza. Mimi nikabaki kwenye benchi. Nikasimama. Nikakaa. Nikasoma mabango yote ukutani, la kunawa mikono nimelisoma mpaka nalijua kama sala. Mama mmoja akaniambia, "Kaka, kaa chini, unatutia kizunguzungu." Wiki ya kumi na mbili. Mwezi wa tatu. Zile mbili zilifika hapa hapa.

Ningekuwa na mtu wa kumtania ningemtania. Hakukuwa na mtu.

Nesi Séverine alikuja, sijui nani alimwita. Akaingia, akatoka, akanishika bega. "Moyo unapiga. Tumeuona kwenye kioo. Damu ilikuwa matone, imesimama. Atapumzika, hatabeba kitu, tutamwangalia."

Nikataka kusema asante ikatoka, "Ni lile hema?"

"Hema ni la mwezi uliopita, damu ni ya leo."

"Na zile za kwanza? Ni yule mama?"

Akakaa kwenye benchi na mimi. "Mimba nyingi zinazotoka mapema, mtoto mwenyewe hakujipanga vizuri tangu mwanzo. Si mama, si kazi, si mtu. Tumbo halikandwi, hilo nakwambia na nitamwambia yeyote. Lakini ukitafuta wa kumfunga, utafunga watu bure. Umesikia, fundi?"

Nimesikia. Nilienda nyuma ya jengo la hospitali nikalia kidogo. Kulikuwa na mvua, kwa hiyo haihesabiki.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula wali kitandani kwake. Damu hakuna.

Jumamosi, 28 Desemba

Shemeji Ladislas karudi kutoka porini, kavimba jicho kwa nyuki. Kaambiwa yote. Akamshika Fausta mkono. Halafu akasema mama yake kapiga simu juzi. Kauliza, "Mkwe wangu anaendeleaje na yale maji ya uvuguvugu?"

"Anakuja?" nikauliza.

"Barabara ikipitika."

"Utamzuia?"

"Mama kuja kwangu nitamzuiaje, Gela?"

"Si kuja. Kukanda."

Akatazama mvua. Mtu huyu anaingiza mkono kwenye mzinga bila glovu. Miaka yote nimekuwa nikimsifia vijiweni kwamba shemeji yangu haogopi kitu. Leo nimejua anaogopa kitu kimoja, na nikijisema kweli, hata mimi ningeogopa.

Alhamisi, 2 Januari

Mvua. Mabasi ya Inyonga yamekwama. Sijawahi kuombea matope hivi.

Jumamosi, 11 Januari

Jua siku tatu mfululizo. Linaniudhi.

Jumatano, 15 Januari

Nimevunja kioo cha saluni. Dada Nyanzala kanipa ruhusa ya siku moja nikatulie. Nimetulia saa mbili nikarudi.

Jumamosi, 18 Januari

Kaja.

Alishuka stendi akaulizia saluni moja kwa moja, maana Mama Makoye alikuwa kamwambia siku na saa. Mama mrefu, mweusi, matope ya Inyonga mpaka kwenye magoti. Mkono mmoja dumu la asali, mkono mwingine chupa ya mafuta ya nyonyo imezibwa kwa gunzi. Fausta alikuwa kwenye kiti, miguu majini. Wiki ya kumi na sita. Mama Makoye kasimama nyuma ya mgeni, mlangoni. Shemeji Ladislas, aliyemleta Fausta, akainuka kumpokea mama yake dumu.

"Shikamoo mama," Fausta akasema.

"Marahaba mwanangu. Mpaka niambiwe na watu?" Sauti haikuwa ya ugomvi, na hapo ndipo ilipokuwa ngumu. "Haya. Sijachelewa sana. Hapo nyuma ya pazia kuna kitanda. Twende nikuweke sawa."

Ladislas akainamia dumu, akakaza kifuniko. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na kifundo cha mguu wa dada yangu mkononi.

"Hapana, mama," Fausta akasema.

Mama Makoye akaingia hatua moja ndani.

"Hapana nini?"

"Sikandwi tumbo. Nesi kakataza, na mimi mwenyewe sitaki. Nisamehe. Nakuheshimu. Sikandwi."

Yule mama akasimama pale na chupa yake. Nilitegemea kelele. Badala yake akauliza polepole, "Kwa hiyo mnasema mimi ndiye niliyewatoa wale?"

Feni inazunguka. Na mimi, ambaye kila siku nina la kusema, nikajikuta nimesema ambalo sikulipanga:

"Hapana, mama. Nesi alisema si mtu. Na mimi nilimchemsha hemani mwezi wa kumi na moja mpaka akazimia, kwa kujionyesha tu mbele ya wateja. Kama tunatafuta wa kumfunga, foleni inaanzia kwangu." Nikavuta kiti. "Kaa kwanza mama. Umetoka mbali. Nikutoe matope."

Akakaa. Nadhani miguu ndiyo iliyomkalisha. Nikabadilisha maji, nikaanza kumwosha. Visigino vyake vimepasuka kama shamba la mwezi wa kumi.

"Nimezaa sita," akasema mwisho, akimwambia Fausta, si mimi. "Ladislas ni wa pili kwa waliobaki. Watatu walitangulia hata jina hawana. Nilikuwa nakandwa na mama mkwe, nalia, naambiwa vumilia, anakaa sawa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka." Akaitazama chupa. "Nilijua kupenda mkwe ndiyo hivyo."

Fausta alikuwa analia bila sauti.

Yule mama akatoa miguu yake kwenye beseni ikiwa bado ina povu. Akapiga magoti sakafuni, mbele ya mkwe wake. Sijawahi kuona mama mkwe akimpigia magoti mkwe, na Dada Nyanzala anasema hata kwao Usukumani, wanakopiga magoti kwa kila salamu, hajaona. Akang'oa gunzi kwa meno.

"Na huku?" akaniuliza, kashika mguu wa Fausta. "Huku ruksa?"

"Miguu ruksa, mama. Lakini taratibu. Zaidi ya hapo... mama, taratibu, huo si unga wa chapati."

"Nyamaza wewe," akasema. "Nimekanda kabla hujazaliwa."

Lakini akapunguza.

Jumamosi, 25 Januari

Mama Ladislas bado yupo Ilembo. Anapika, anafua, anamkataza Fausta kuinua hata kikombe. Fausta kanong'ona kwamba anachoka kupumzishwa.

Jumanne, 4 Februari

Mvua kubwa. Asubuhi, hapa saluni, Fausta kasema mtoto kacheza, kama samaki akigeuka kwenye ndoo. Mama mkwe wake hakusubiri mvua ikatike. Kafunika kichwa na mfuko wa nailoni, kavuka madimbwi mpaka duka la vitenge, na sisi wote saluni tumemsikia kana kwamba anahubiri:

"Makoye mama, toka nje nikwambie mwenyewe, usihangaike kuchungulia! Mkwe wangu ana mimba ya miezi minne na zaidi. Na nimemkanda mimi, kwa mikono yangu. Miguu!"